Uliza Mzee wa Magurudumu: "Mwaka jana tuliishia maegeshoni"

Shikamoo Mzee. Mume wangu alipata kiharusi miaka miwili iliyopita na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu, ninamsukuma mimi. Mwaka jana tulikodi gari-nyumba kwa siku kumi. Ndani ya gari hatukuwa na shida, shida ilikuwa nje. Kila tulipofika palipoandikwa "matembezi rahisi" tulikuta ngazi, matope au geti lisilopitika, tukaishia maegeshoni tukitazama migongo ya watu wakienda zao. Mwaka huu tunataka kujaribu tena wiki mbili. Njia ambazo kiti kinapita kweli tutazipataje? — Msukumaji

Marahaba mwanangu, na mfikishie mumeo salamu zangu.

Hilo neno "rahisi" kwenye kibao cha njia huandikwa na mtu anayetembea. Kwake rahisi maana yake ni fupi, basi. Ngazi nne hazioni. Anazipanda huku anaongea na simu. Silaumu kibao, nimeacha tu kukiamini.

Kosa lenu nalijua kwa sababu mimi niliye kitini na mke wangu anayenisukuma tulilirudia misimu mitatu mfululizo. Mlichagua kwanza pa kulala, penye mandhari ya kuvutia, kisha asubuhi ndipo mkaanza kuulizana kiti kitapita wapi. Pindueni. Tafuteni njia kwanza, ikishapatikana ndipo mtafute kambi inayogusana nayo. Nasema kugusana kabisa: mnashuka garini, mnapita geti la kambi, na magurudumu yako njiani. Mwenye gari dogo anaweza kulala popote na kuendesha hadi njia inapoanzia. Ninyi kila mkitaka kuliondoa gari ni kazi: kufunga makabati, kuchomoa waya wa umeme, kukunja turubai la kivuli. Halafu mnafika mnakuta lango la maegesho lina chuma kimelazwa juu, kama mita mbili kutoka ardhini, na gari lenu linakaribia mita tatu. Na ile nafasi yenye alama ya kiti, ambayo ni haki yenu, imechorwa kwa kipimo cha gari dogo. Mkiingia, mkia unabaki barabarani. Kama lifti yenu ya kushushia kiti iko ubavuni mwa gari, jirani akiegesha karibu, mgonjwa hatoki.

Sasa njia zenyewe. Usianze kwa kutafuta "njia za watu wenye ulemavu". Utapata chache, na nyingi ni duara la mita mia tatu kuzunguka bustani ya maua. Jiulize badala yake: nani mwingine aliyeuogopa mlima kama sisi? Treni na mashua.

Treni la mvuke lilikuwa na gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, na vyuma viwili hivyo huteleza. Kwa hiyo wajenzi walikata vilima na kujaza mabonde ili reli isipande zaidi ya mita mbili au tatu katika kila mita mia. Reli nyingi za namna hiyo zilikufa, vyuma vikang'olewa, ikabaki njia pana iliyo karibu tambarare. Hispania wana mpango wa kuzigeuza kuwa njia za miguu na baiskeli tangu 1993, wanaziita Vías Verdes, na zimeshazidi kilomita 3,000. Mojawapo, Vía Verde de la Sierra, kati ya Olvera na Puerto Serrano, ina kilomita 36 na mahandaki 30, na kichekesho chake ni kwamba treni halikuwahi kupita hata siku moja, reli iliachwa kabla ya kumalizika. Uingereza kuna Monsal Trail, ambayo mahandaki yake yalifunguliwa kwa watembeaji mwaka 2011. Angalizo moja la handaki: humo ni baridi hata jua likiwaka nje. Wewe unayesukuma huenda usiisikie. Yeye aliyekaa ataisikia mpaka kwenye mifupa, tena upande wenye kiharusi ndio huchelewa kupata joto. Bebeni blanketi.

Njia za kando ya mifereji ya mashua nazo ni hivyo hivyo, maji hayapandi kilima. Ila mfereji ukitaka kushuka bonde hushuka kwa malango ya maji, yale yanayofungwa na kufunguliwa ili mashua ishuke au ipande kama kwa ngazi, na penye lango njia nayo huruka juu ghafla, kipande kifupi kikali, mara nyingi cha mawe. Kwenye ramani hesabu malango. Kilomita tano bila lango hata moja ni siku nzuri.

Ongeza hapo barabara za wahudumu kuzunguka mabwawa, na njia za mbao walizojengewa watazama ndege kwenye maeneo ya majimaji. Kwenye mbao angalia kitu kimoja ambacho sijawahi kukiona kikiandikwa popote: mbao zilale kukatisha njia. Zikilazwa kwa urefu, vigurudumu vya mbele vinazama katikati ya ubao na ubao, na wewe unayesukuma unamwagia mumeo nusu ya uzito wako mgongoni.

Ukishapata jina la njia, fungua picha za setilaiti na uifuate polepole kwa kidole. Weusi ni lami, weupe mara nyingi ni kokoto, kahawia ni udongo, na udongo huo siku ya mvua utakuwa uji. Kisha tafuta picha zilizopigwa na wapita njia. Wao wanapiga ziwa. Wewe tazama pembeni, chini ya miguu yao. Baiskeli za watoto zenye vigurudumu vya kusaidia ni ishara njema. Kigari cha mtoto mchanga si ishara ya chochote, kwa sababu kigari hicho mama na baba hukibeba wakifika kwenye ngazi. Mimi nina kilo 83 na sibebwi.

Halafu piga simu. Usiulize "je, kiti cha magurudumu kinapita?" Jibu lake siku zote ni ndiyo, watu hawapendi kumvunja moyo mgeni. Uliza: geti jembamba kuliko yote lina sentimita ngapi? Chini ni nini, na jana kulikuwa na mvua? Na uliza "kuna kidato hata kimoja?" kwa maneno hayohayo. Niliwahi kumuuliza mpokea simu wa kambi moja kama kuna ngazi. Akasema hakuna kabisa. Tulifika usiku, tukakuta choo kina kidato kimoja cha sentimita kumi na tano. Asubuhi akanijibu bila hiyana: "Ngazi mzee hakuna, hicho ni kidato tu." Alikuwa sahihi kwa lugha yake. Siku hizi naomba picha: naomba wanipigie picha ya mlango wa choo wakiwa wamesimama mita tatu, wanitumie kwenye simu.

Kuhusu mwinuko, wajenzi wa rampu, ule mteremko unaowekwa badala ya ngazi, hutumia kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kupanda mita moja lazima uende mita kumi na mbili, kama asilimia 8. Hicho ni kipimo cha rampu fupi ya mlangoni. Wewe unasukuma mtu mzima; asilimia 5 ikiendelea nusu kilomita inatosha kumaliza siku yako, na kumbuka mtakaporudi utakuwa unashikilia kiti kisikukimbie. Kuna na mlalo wa pembeni, pale njia inapoinamia upande mmoja ili maji yatiririke. Mtembeaji haugundui. Kiti kinaugundua mara moja: kinavutwa kuelekea mtaroni na mkono wako mmoja unafanya kazi ya mikono miwili. Mimi hutumia pima maji iliyomo ndani ya simu. Naiweka mapajani, nikiona imezidi nyuzi mbili kwa upande, najua bega la mke wangu litalalamika usiku.

Na msihesabu kilomita kama wahesabuvyo wenye miguu. Njia ya kilomita mbili ambayo si duara ni kilomita nne. Anzeni na upande wa kupanda, au wa kukabili upepo, mkiwa na nguvu.

Kama mtafika Uingereza, hifadhi ya Lake District wana orodha waliyoiita Miles Without Stiles, njia zisizo na vile vidaraja vya kurukia uzio. Wamezigawa mafungu matatu: za wote, za wengi, na za baadhi. Naupenda mgawanyo huo kwa sababu hauongopi. Fungu la tatu wanakuambia waziwazi ni la mwenye kiti aliye hodari na msaidizi mwenye nguvu. Ingekuwa kila mahali wanaandika hivyo, safu hii ingekosa kazi. Kwa upande wa vyoo na migahawa kuna ramani ya Wheelmap, iliyoanzia Ujerumani mwaka 2010, inayojazwa na watu wenyewe kwa rangi za taa za barabarani. Kijani unaingia, nyekundu huingii, na ile ya katikati ndiyo ya kupiga simu kwanza.

Hata ukifanya yote hayo, kuna siku utashindwa. Sisi tulishindwa msimu uliopita. Mwanzo wa njia palikuwa na kibao kikubwa, "Njia kwa Wote", na picha ya kiti. Lami safi, ziwa upande wa kushoto. Baada ya mita kama mia tisa tukakutana na vyuma viwili vya kuzuia pikipiki, vimebanana juu kama mtu aliyekunja mabega. Vigurudumu vya mbele vikapita, vile vikubwa vikagoma. Mke wangu akatoa futi ya fundi mfukoni: sentimita 58. Kiti changu ni 64. Nikabaki nimekaa katikati ya vyuma, nusu yangu kwenye njia ya wote, nusu nyingine nje. Nyuma yetu mwendesha baiskeli anasubiri kwa adabu. Tulirudi kinyumenyume. Jioni niliwaandikia wenye njia, nikaambatisha picha ya futi ikiwa imenyooshwa kati ya vyuma. Miezi minne baadaye nilijibiwa kwamba chuma kimoja kimeng'olewa. Futi si ghali, mwanangu. Bebeni.

Mzee wangu shikamoo. Baba yetu ana miaka sabini na moja, alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Tunasafiri naye kwenye gari-nyumba, lakini kila tukitaka kutoka anasema, "Nendeni tu, mimi nitalinda gari." Tumempatia kiti kizuri, tumetafuta njia ya lami, bado hataki. Ndugu zangu wanasema tumlazimishe. — Kitinda mimba

Marahaba. Msimlazimishe. Mimi mwenyewe nimewahi kulinda gari msimu mzima, na hakuna mwizi aliyekuja.

Nitakuambia nilichokuwa nalinda. Nilikuwa nalinda choo. Ndani ya gari kuna choo ninachokijua: pa kushika panajulikana, kitasa kinajulikana, na hakuna mtu anayegonga mlango. Mkiniambia "twende kilomita tatu, kuna mandhari", mimi kichwani sioni mandhari, nahesabu dakika. Mtu mzima, baba wa watu, hawezi kuwaambia wanawe kwamba anaogopa kujilowesha mbele yao. Ni rahisi zaidi kusema atalinda gari. Na mwenye kisukari huenda haja ndogo mara nyingi, hilo mnalijua.

Kwa hiyo usimuulize. Kesho, ukiwa naye peke yako, mwambie kama habari ya kawaida: "Baba, nimeangalia, kuna choo kikubwa mwanzoni na kingine kwenye kilomita moja na nusu, mlango una sentimita tisini, na kina vyuma vya kushika pande zote mbili." Kisha nyamaza, uendelee na kazi zako. Lakini uwe umeangalia kweli. Katika nchi nyingine vyoo hivyo hufungwa na huwa na ufunguo mmoja unaofungua maelfu ya milango. Uingereza unaitwa ufunguo wa RADAR, Ujerumani na majirani zake wana Euroschlüssel. Mpatie wake mwenyewe autie mfukoni mwake. Usiushike wewe.

Safari ya kwanza iwe fupi hadi ionekane ya kijinga. Mita mia nne, kaeni, rudini. Na mtu asiguse mishikio ya nyuma ya kiti bila kumuuliza. Unajua inavyokuwa ukiwa umekaa, unatazama bata, halafu dunia inaanza kusogea bila wewe kuamua? Mimi nilimfokea mkwe wangu kwa hilo, na alikuwa ananisaidia.

Kitu kimoja cha kiafya, nakisema upesi: mguu uliobaki ndio wa kuulinda. Avae kiatu kilichofunika vidole, mguu ukae imara kwenye kiegemeo, na jioni mtu autazame unyayo, maana mwenye kisukari anaweza kukwaruzwa na asisikie.

Akikataa bado, mwacheni, ila hamisheni gari. Egesheni kwenye kambi ambayo dirisha lake linatazama njia. Mtu anayelinda gari kwa siku tatu huku watu wanapita mita kumi kutoka kwake wanamsalimia, siku ya nne huwa anauliza huko mbele kuna nini.

Mzee, kokoto zinaniua. Natumia kiti cha mkono, nina nguvu, lakini vigurudumu vya mbele vinazama na juzi nusura nianguke kifudifudi. Ninunue kiti kipya? — Mwenye mikono

Kabla ya kununua, geuka. Kwenye kokoto nenda kinyumenyume. Magurudumu makubwa yakitangulia hupanda juu ya kokoto, vile vidogo vinaburutwa tu nyuma. Utakuwa unatazama ulikotoka na shingo itauma, lakini kwa mita ishirini za kutoka garini hadi kwenye lami hakuna mbinu inayoishinda. Ukiwa na msaidizi, akuinamishe nyuma kidogo hadi vigurudumu vya mbele viwe hewani, akuvute.

Kwa masafa marefu kuna gurudumu moja kubwa linalobanwa kwenye kiegemeo cha miguu na kunyanyua vile vidogo visiguse chini. Kiti kinakuwa na miguu mitatu kama bajaji. Mimi ninalo, nalining'iniza nyuma ya kiti nisipolihitaji. Hasara yake ni kwamba kiti kinakuwa kirefu, kwa hiyo kona za choo usahau mpaka ulivue.

Ukiamua kununua kiti cha umeme, ule umbali ulioandikwa na mtengenezaji umepimwa kwenye sakafu tambarare. Ugawe kwa mbili, na ile nusu ni ya kwenda na kurudi. Na kabla hujalipa uulize chaja yake inakula wati ngapi, kisha utazame inveta ya gari lenu, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kama inaimudu. Kulala penye mandhari bila umeme ni raha mpaka asubuhi unapokuta betri ya kiti na betri ya gari zote zimelala.

Gloves za baiskeli zisizo na vidole. Tyubu ya akiba na pampu. Pancha ya kiti porini si kama pancha ya baiskeli, huwezi kushuka ukakikokota.

Mzee, toleo lililopita ulimwambia mama mmoja kwamba ufukweni asahau, mchanga haupitiki kwa kiti. Nadhani umemkosea. Binti yangu ana miaka kumi na tisa, hatembei, na mwezi uliopita aliingia baharini hadi kiunoni. — Baba wa binti

Nimekosea, na mama yule namwomba radhi. Nilikuwa nafikiria kiti changu, nikasahau kwamba kuna viti vilivyotengenezwa kwa ajili ya mchanga, vyenye magurudumu manene kama maputo, na vingine vinaelea. Fukwe nyingi zenye walinzi huviazimisha, ila inabidi kuagiza mapema na kuuliza mambo mawili: nani anamhamisha mtu kutoka kiti kimoja kwenda kingine, na kile kiti cha kawaida kitalindwa wapi asirudi akakuta hakipo.

Na kwa kuwa tumefungua mlango huo, kwa wale wa milimani: Ufaransa kuna chombo kinaitwa Joëlette, kiti chenye gurudumu moja tu katikati, mtu mmoja mbele anavuta na mwingine nyuma anasukuma na kusawazisha. Kilibuniwa mwaka 1987 na mwongoza wapanda milima aliyetaka kumpandisha mpwa wake mwenye maradhi ya misuli. Ngazi, mizizi, mawe, kote huko kinapita. Mimi nimekipanda mara moja. Kwa dakika kumi za kwanza nilishikilia vyuma kama mtu anayepelekwa kuchinjwa, na yule wa mbele alikuwa anapiga mluzi.

Binti yako maji yalikuwa ya baridi? Niandikie ni ufuo gani, na choo chake kina sentimita ngapi.